Matanga Hayaingii Kwenye Piramidi

Kila anayesomea ualimu, uuguzi au usimamizi katika vyuo vya Kisumu hukutana, mapema katika masomo yake, na pembetatu iliyogawanywa ngazi tano. Chini huandikwa chakula, maji na usingizi; juu yake usalama; kisha upendo na kukubalika katika kundi; kisha heshima; na kileleni, katika kipande chembamba kisichotosha maneno yake, huandikwa kile nitakachokiita hapa utimilifu wa nafsi. Mwanafunzi huinakili pembetatu hiyo, huikariri, huiandika kwenye mtihani, na miaka mingi baadaye akialikwa kuzungumza na kikundi cha akina mama au vijana huichora tena ubaoni. Kwa wengi wetu huo ndio urithi pekee uliotufikia kutoka katika saikolojia ya kiutu, inayomtazama binadamu kama kiumbe anayechagua na kukua, na matawi yaliyo jirani nayo, yaani saikolojia ya udhanaishi, inayouliza maswali ya uhuru, kifo na maana ya maisha, saikolojia inayovuka mipaka ya nafsi, na falsafa ya fenomenolojia, ile ya kueleza mambo jinsi yanavyojitokeza kwa anayeyapitia, iliyoyalisha yote. Ninaamini kwamba tulipokea kipande kilicho dhaifu kuliko vyote, na kwamba kimetufundisha kuwadharau watu tunaodai kuwahudumia.

Funzo la kimyakimya la pembetatu ile ni kwamba mwenye njaa hana nafasi ya kuuliza maisha yake yana maana gani. Swali hilo limewekwa kileleni, kwa walioshiba. Mtu aliyekulia huku kwetu anajua kwamba mambo hayaendi hivyo. Tazama matanga. Familia isiyokuwa na hakika ya unga wa wiki ijayo huchanga, huuza ng'ombe wa mwisho, hukopa kwenye chama cha akiba, ili mwili wa ndugu yao usafirishwe usiku kucha kutoka Nairobi au Mombasa uje uzikwe boma alikozaliwa. Nina malalamiko yangu kuhusu gharama hizo, na nimewaona wajane waliobaki na madeni baada ya hema kung'olewa. Hata hivyo siwezi kudai kwamba watu hao hawajui wanachofanya. Wameweka maana mbele ya mkate, na wamefanya hivyo wakiwa na njaa. Mshauri anayeingia katika boma lile akiwa na pembetatu kichwani ataona ujinga wa kifedha, na hatasikia lolote lingine.

Ni haki Abraham Maslow, mwanasaikolojia wa Marekani ambaye pembetatu ile hubeba jina lake, aondolewe sehemu kubwa ya lawama hii. Makala yake ya mwaka 1943 kuhusu mahitaji ya binadamu haikuwa na mchoro wowote. Piramidi ilichorwa na wengine baadaye, katika maandishi ya usimamizi wa biashara, ambako iliwafaa mameneja waliotaka kujua wampe nini mfanyakazi ili ajitume. Katika makala hiyo alisema wazi kwamba mpangilio wa mahitaji si mkavu, akataja watu wanaoacha kila kitu kwa ajili ya jambo wanaloliamini, na akatoa makadirio ya mfano tu: mtu wa kawaida anaweza kuwa ametoshelezwa asilimia 85 katika mahitaji ya mwili, 70 katika usalama, 50 katika upendo, 40 katika heshima na 10 katika utimilifu wa nafsi, yote kwa wakati mmoja. Miaka mitano kabla ya hapo, mwaka 1938, alikuwa ameishi majira ya kiangazi miongoni mwa Wablackfoot, wenyeji wa asili wa Alberta, Kanada, akashangaa kuona kwamba tajiri kwao alikuwa yule aliyegawa zaidi. Na katika miaka yake ya mwisho, kabla ya kufariki Juni 1970, aliandika kwamba juu ya utimilifu wa nafsi kuna jambo kubwa zaidi, nalo ni mtu kujivuka mwenyewe kwa ajili ya wengine au kwa ajili ya kweli iliyomzidi. Sehemu hiyo haikuingia kwenye mchoro.

Maslow hakuwa peke yake. Katikati ya karne ya 20 saikolojia ya Marekani ilitawaliwa na kambi mbili. Kambi ya kwanza ilipima tabia kwa kuangalia panya na njiwa wakituzwa na kuadhibiwa. Ya pili, ya wafuasi wa Freud, iliona kila tendo kama moshi wa moto uliofukiwa tangu utotoni. Waliochoshwa na zote mbili walijiita nguvu ya tatu, wakaanzisha jarida lao la saikolojia ya kiutu mwaka 1961, na kudai kwamba binadamu achunguzwe kama kiumbe anayechagua, anayetarajia na anayeweza kukua.

Aliyeipeleka hoja hiyo katika chumba cha ushauri ni Carl Rogers, mtoto wa kiunga cha Chicago aliyezaliwa mwaka 1902. Mwaka 1942 alichapisha mazungumzo kamili ya ushauri yaliyonaswa kwa mashine, neno kwa neno, jambo lililowashtua wataalamu waliozoea kusimulia walichokumbuka tu. Aliacha kumwita mtu mgonjwa akamwita mteja. Mwaka 1957 alitaja masharti ambayo, kwa maoni yake, yakitimia mtu hubadilika: mshauri awe mkweli mbele ya mteja, amkubali pasipo masharti, na aingie katika ulimwengu wa mteja kana kwamba ni wake, bila kusahau lile neno “kana kwamba”.

Hapa lugha yetu imetutega. Tunaita kazi hii ushauri nasaha. Shauri ni shauri, na nasaha, neno tulilolipata kutoka Kiarabu, nayo ni maonyo mema. Tumemwita mtu mshauri mara mbili kisha tukamtaka asishauri! Rogers alisisitiza kwamba kazi si kutoa majibu, ni kumpa mteja hali ambayo ndani yake atasikia majibu yake mwenyewe. Watu wengi wa Nyanza na Magharibi walikutana na huduma hii kwa mara ya kwanza katika vituo vya VCT, vya ushauri na upimaji wa hiari wa virusi vya UKIMWI, vilivyoenea mwanzoni mwa miaka ya 2000, wakati UKIMWI ulipokuwa ukifagia vijiji vyetu, na ninawaheshimu sana washauri wa kipindi kile, kwani walikaa na watu katika dakika ngumu kuliko zote. Lakini mwaka 2001 viboko vilipopigwa marufuku shuleni na walimu wakaambiwa watumie ushauri nasaha badala yake, jina lilishinda mbinu. Mwanafunzi aliitwa ofisini akahutubiwa. Aliyekuwa akichapwa kwa fimbo sasa alichapwa kwa methali, na sidhani kwamba mwalimu alikuwa na kosa, kwa sababu neno alilopewa lilimtuma kufanya hivyo hivyo.

Kuhusu udhanaishi, msomaji wa Kiswahili ana faida ambayo wasomaji wengi hawana, maana amekutana nao katika darasa la fasihi. Euphrase Kezilahabi alizaliwa mwaka 1944 Ukerewe, kisiwa kilicho katika ziwa hili hili la Victoria tunaloliona tukisimama ufuoni Dunga, Kisumu, na riwaya yake Kichwamaji ya mwaka 1974 inamfuata Kazimoto, kijana msomi anayeporomoka kwa sababu haoni kitu cha kusimamia. Tulifundishwa kuuita udhanaishi nadharia ya uhakiki, tukataja sifa zake na kupata alama. Hatukuambiwa kwamba zilikuwapo kliniki ambamo mawazo hayo yalitumiwa kumsaidia mtu halisi aliyekaa kitini akitetemeka. Ludwig Binswanger na Medard Boss walifanya hivyo Uswisi. Rollo May, ambaye mwenyewe aliugua kifua kikuu na kulazwa kwa muda mrefu, aliyafikisha Marekani kwa mkusanyo wa makala wa mwaka 1958. Na Irvin Yalom, mwaka 1980, akayapanga chini ya mambo manne ambayo hakuna binadamu anayeyakwepa: kifo, uhuru, upweke na ukosefu wa maana.

Anayejibu pembetatu moja kwa moja ni Viktor Frankl. Daktari huyu wa akili, aliyezaliwa Vienna mwaka 1905, alipelekwa kambi ya Theresienstadt mwaka 1942 na Auschwitz mwaka 1944, na alipoachiliwa Aprili 1945 alikuwa amefiwa na baba, mama, kaka na mke. Hakuandika kwamba njaa si kitu. Alieleza jinsi wafungwa walivyoota mkate na kusimuliana mapishi ya nyumbani. Alichokiona ni kwamba njaa haikufuta swali la maana, ililinoa. Mtu aliyekuwa na kazi ya kurudia, au mpendwa wa kumngoja, au namna ya kuyabeba mateso yasiyoepukika bila kuvunjika ndani, alikuwa na kitu cha kushikilia. Mawazo hayo yamepimwa tangu hapo: huko New York, William Breitbart na wenzake waliunda tiba fupi inayotokana nayo kwa wagonjwa wa saratani iliyosambaa, na majaribio yao ya mwaka 2010 na 2015 yalionyesha nafuu ya kiroho na ya kihisia kwa watu wasio na muda wa kupanda ngazi yoyote.

Kuna hatari hapa na ni lazima niitaje. Mafundisho ya Frankl yanaweza kugeuzwa dawa ya kuwatuliza maskini: tafuta maana katika shida yako, usiulize nani ameileta. Frankl mwenyewe aliziba mlango huo aliposema kwamba mateso yanayoweza kuondolewa yanapaswa kuondolewa, na kuyavumilia bure si ushujaa. Mvuvi ambaye samaki wamepungua nyavuni kwa sababu ya magugu na uchafu ziwani anahitaji ziwa safi kwanza. Lakini anahitaji pia mtu anayetambua kwamba alipopoteza uvuvi hakupoteza mapato pekee. Amepoteza jina aliloitwa kwalo, saa ya kuamka, na jambo la kumfundisha mwanawe.

Katika suala la kifo ndipo udhanaishi wa Ulaya unapogongana na maisha yetu, na mgongano huo una mengi ya kutufunza pande zote mbili. Mwanafalsafa Mjerumani Martin Heidegger aliandika mwaka 1927 kwamba kifo ni changu peke yangu, kwamba hakuna awezaye kunifia, na kwamba kukikabili ndiko kunakonitoa katika kundi na kunifanya kuwa mimi. (Mtu huyo alijiunga na chama cha Hitler mwaka 1933, doa ambalo anayemsoma hafai kulifumbia macho.) Sasa mweke kando ya kesi ya wakili S. M. Otieno, aliyefariki Nairobi tarehe 20 Desemba 1986. Mjane wake, Wambui, alitaka kumzika katika shamba lao Matasia. Ukoo wake wa Kiluo, Umira Kager, ulitaka azikwe Nyalgunga, Siaya. Kesi ilikwenda hadi Mahakama ya Rufani, na alizikwa Nyalgunga tarehe 23 Mei 1987, miezi mitano baada ya kufa. Miongoni mwa mashahidi alikuwamo Profesa Henry Odera Oruka, mwanafalsafa mzaliwa wa Ugenya, aliyeitwa kueleza mila na mawazo ya Waluo. Sijui nchi nyingine ambako swali la mtu ni nani, nafsi inayojichagulia au kiungo cha ukoo, lilibishaniwa mahakamani huku taifa zima likifuatilia magazetini.

Wengi huisoma kesi ile kama ushindi wa mila dhidi ya usasa. Mimi naisoma kama onyo kwa mshauri wa pande zote mbili. Anayemwambia mteja wa Kisumu kwamba lazima ajitenge na matarajio ya ukoo ili awe huru anamnyang'anya nusu ya nafsi yake. Anayemwambia kwamba ukoo umeshaamua na kazi yake ni kutulia naye anamnyang'anya nusu iliyobaki, na mjane anayelazimishwa kurithiwa anaijua nusu hiyo vizuri. Hata desturi yetu ya tero buru, wanaume wanapowakimbiza ng'ombe na kupiga kelele kwa mikuki ili kukifukuza kifo kutoka bomani, inanionyesha watu wanaokikabili kifo uso kwa uso jinsi Heidegger alivyotaka, ila wanakikabili wakiwa wengi.

Yote haya yanategemea jambo moja ambalo pembetatu haiwezi kulitoa, nalo ni namna ya kusikia. Hiyo ndiyo fenomenolojia. Edmund Husserl, aliyeanza kama mwanahisabati, alichapisha uchunguzi wake mkubwa wa kwanza mwaka 1900 na 1901 akisihi turudi kwenye mambo yenyewe. Kutoka kwa mwalimu wake Franz Brentano alichukua wazo kwamba fahamu haikai tupu. Daima ni fahamu ya kitu fulani: ninaogopa jambo, ninamkumbuka mtu, ninangojea habari. Kisha akadai nidhamu moja ngumu. Kabla ya kueleza chanzo cha jambo, sitisha kwa muda yote unayodhani unayajua kulihusu, ulieleze jinsi linavyojitokeza kwa anayelipitia. Karl Jaspers, daktari wa Heidelberg, aliingiza nidhamu hiyo katika tiba ya akili mwaka 1913 kwa kutofautisha kueleza na kuelewa: naweza kueleza ugonjwa kwa kutaja kasoro ya ubongo, lakini mgonjwa mwenyewe namwelewa pale tu ninapoona ulimwengu wake ukiwa na mantiki kutoka mahali alipokaa.

Gharama ya kukosa nidhamu hiyo iliandikwa hapa Kenya. Mwaka 1938 serikali ya kikoloni ilimkabidhi hospitali ya magonjwa ya akili ya Mathari, Nairobi, J. C. Carothers, daktari wa kawaida asiyekuwa amesomea tiba ya akili. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilichapisha kitabu chake kuhusu akili ya Mwafrika, ambamo aliifananisha na ya Mzungu aliyekatwa sehemu ya mbele ya ubongo, na mwaka uliofuata akaandika ripoti ya serikali akieleza Mau Mau kama maradhi ya akili za watu walioshindwa na mabadiliko. Alikuwa na wagonjwa mbele yake kwa miaka kumi na miwili. Hakuwasikia hata mmoja akizungumza juu ya ardhi yake kama mtu anayezungumza juu ya ardhi yake.

Tusijipongeze kwamba Carothers alikufa na fikra zake. Mama anapokuja kliniki akasema kwamba moyo umekauka, au kichwa kinachemka, au mwili hauna mwenyewe, kalamu ya mpokeaji huandika mfadhaiko na kumpeleka dirisha la dawa. Inawezekana mfadhaiko ni kweli, na dawa inaweza kumfaa. Lakini kukauka ni kupi? Ulianza lini, na ulipokuwa bado una maji ulikuwaje? Mluo anapotaja chuny hutaja kiungo cha mwili na nafsi kwa pigo moja, na mwanafalsafa Maurice Merleau-Ponty alihitaji kitabu kizima mwaka 1945 kuwashawishi Wafaransa kwamba viwili hivyo havitengani. Mfano bora wa kusikia kwa namna hii ninaoujua uko Zimbabwe. Dixon Chibanda na wenzake huko Harare walianzia kwenye neno ambalo Washona wenyewe hulitumia, kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi, wakawafunza wanawake wazee wa mitaani kukaa na wagonjwa kwenye benchi na kuzungumza nao. Utafiti wao wa mwaka 2016, uliohusisha watu 573, ulionyesha kwamba waliokaa kwenye benchi walikuwa na dalili chache zaidi kuliko waliopata huduma ya kawaida.

Tawi la mwisho, linalovuka mipaka ya nafsi, lilipata jarida lake mwaka 1969, Maslow akiwa miongoni mwa waanzilishi. Mengine yaliyolifuata, kama vile majaribio ya daktari wa akili Stanislav Grof ya LSD, dawa inayoleta maono, na baadaye ya kupumua kwa kasi, hayanivutii. Linalonivutia ni kwamba mwaka huo huo wa 1969 John Mbiti, mzaliwa wa Kitui, alichapisha kitabu chake kuhusu dini na falsafa za Kiafrika, akitumia maneno mawili ya Kiswahili, sasa na zamani, kueleza jinsi marehemu wanavyoendelea kuishi maadamu yupo anayewakumbuka kwa majina, na akaandika kwamba mimi nipo kwa sababu sisi tupo. Wamarekani walikuwa wakitafuta mlango wa kutokea katika nafsi iliyofungwa. Huku mlango huo haukuwahi kufungwa. Mama Mluo anapomwota bibi yake marehemu akidai jina lake lipewe mtoto anayezaliwa, halioni jambo hilo kuwa ndoto tu, wala si mgonjwa. Hata mwongozo wa utambuzi wa maradhi ya akili wa Marekani, katika toleo la mwaka 1994, ulitenga nafasi ya matatizo ya kidini au ya kiroho yasiyohesabiwa kuwa ugonjwa.

Kwa upande mwingine, kijana anayesikia sauti zikimwamuru ajidhuru, na aliyeacha kulala na kula kwa wiki nzima, anahitaji daktari leo, na kila juma analofungiwa katika maombi humzidishia madhara. Miili zaidi ya 400 ya waumini waliohimizwa kufunga hadi kufa, iliyofukuliwa katika msitu wa Shakahola mwaka 2023, inatukumbusha kwamba si kila kinachojiita roho humvusha mtu. Namna ya kupambanua haimo katika jina la tukio, ndoto au sauti au maono; imo katika maelezo yake. Je, linamrudisha mtu kwa watoto wake, kazi yake na jirani zake, au linamkatia njia hizo moja baada ya nyingine? Swali hilo haliwezi kujibiwa na mtu ambaye hajasikiliza hadi mwisho.

Sheria ya Kenya ya Washauri na Wanasaikolojia ya mwaka 2014 inataka wanaofanya kazi hii wawe wamesoma na kusajiliwa, nami naiunga mkono. Vyuo vyetu vina nafasi ya kuamua watasoma nini kwanza. Pendekezo langu ni dogo na linaanza na karatasi. Katika fomu ya kumpokea mteja, sehemu ya juu inayouliza tatizo ni lipi iondolewe, na mahali pake pawekwe mistari mitano mitupu ya kuandika maneno ya mteja jinsi alivyoyatamka, kwa Dholuo, Kiluhya, Ekegusii au Kiswahili. Mshauri asitie alama katika kisanduku chochote kilicho chini yake kabla hajamsomea mteja mistari hiyo, na mteja akakubali kwamba hayo ndiyo aliyoyasema.